Kumuuliza Mkubwa Kama Ni Yeye

Miaka ile niliyofanya kazi katika nyumba ile ya biashara, watu walidhani adui yangu ni virusi. Virusi sikuvichukia. Vyenyewe hufanya kazi yao, na ukivikamata havikununii. Walionimaliza ni wenzangu wa ofisini, watu wapole na wacha Mungu, waliokuwa tayari kumfungulia kila anayebisha hodi ndani ya kompyuta, kwa sababu kwao kumwacha mtu mlangoni bila kumwitikia ni kukosa adabu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mauzo ya jumla na usafirishaji, upande wa Kampemba, si mbali sana na kwangu Hewa Bora. Tajiri wetu alitoka Butembo, na kama ilivyo desturi ya watu wa kwao, karibu wafanyakazi wote walikuwa ndugu zake, au majirani wa ndugu zake, au watu waliobatizwa na mchungaji mmoja na ndugu zake. Mimi nilikuwa mmoja wa wachache waliozaliwa hapa hapa Lubumbashi. Waliniita Papa wa ma machine, yaani baba wa mashine. Nilitengeneza printa, nilisafisha flashi zilizotoka kwenye vibanda vya fotokopi zikiwa na kila aina ya uchafu, na umeme ulipokatika mimi ndiye niliyekimbilia jenereta, ingawa jenereta si kompyuta na nilisema hivyo kila mara.

Mhasibu alikuwa amebandika neno lake la siri juu ya kioo cha kompyuta, eti akiugua mwenzake asipate shida. Neno la siri la depo yetu ya Ruashi lilikuwa jina la Yesu kwa herufi kubwa. Nilimwambia mkuu wa depo kwamba hata mwizi anamjua Yesu. Alinitazama kwa huruma.

"Bon, akiingia mule, ataokoka," alisema.

Ningeweza kucheka kama si mimi niliyekuwa nikiitwa kila jambo lilipoharibika. Lakini hayo yote yalikuwa mafua tu. Ugonjwa wetu hasa ulikuwa simu ya nyumba.

Hiyo ilikuwa simu moja, imelazwa juu ya meza ya katibu tangu sala ya asubuhi hadi jioni, na mlio wake ulikuwa umewekwa juu kabisa ili mtu aliye uani naye asikie. Namba yake haikubadilika tangu siku ambazo tajiri alikuwa na lori moja tu. Ilipakwa rangi kwenye milango ya malori yote. Ilichapwa chini ya kalenda ambayo kila mwisho wa mwaka tajiri aliwagawia wateja, makanisa na wakwe, kutoka kwetu mpaka Beni na Goma. Humo ndani kulikuwa na ile programu ya ujumbe ambayo siku hizi Kongo nzima inaishi ndani yake. Madereva waliokwama mpakani Kasumbalesa waliandika huko, wateja waliulizia sukari huko, na habari za misiba ya familia zilipita huko huko. Aliyekuwa karibu ndiye aliyejibu. Haikuwa na kufuli wala namba ya siri ya aina yoyote.

Nilimwomba tajiri ruhusa ya kuweka namba ya siri. Nilimwomba kwa upole, nikamwomba kwa hasira, nikamwomba kwa Kifaransa.

"Simu ya nyumba haina na siri," alinijibu. "Mwenye iko karibu, ajibu. Mulango ya bureau yangu, uliishaka kuiona imefungwa?"

Kweli sikuwahi. Mlango wa ofisi yetu ulikuwa wa mbao nyepesi, na mchana kutwa ulizuiliwa wazi kwa tofali. Mvua ikinyesha tulisogeza makaratasi, hatukusogeza tofali.

Basi nikaomba kidogo zaidi. Nikaomba sheria moja tu, na tajiri akaniruhusu niitangaze baada ya sala. Nikawaambia: mtu yeyote akiwaandikia akitaka mumrudishie namba za kufungulia programu zilizoingia kwenye simu, hata kama ni mtu mnayemjua, msimpe. Mpigieni kwanza, msikie sauti. Na sauti isipotosha, muulizeni jambo ambalo ninyi wawili tu ndio mnalijua. Akishindwa kujibu, si yeye.

Katibu wetu aliinua mkono. Alikuwa mwanamke aliyenizidi umri, mcheshi, aliyekuja Lubumbashi kutoka Goma kwa sababu ya ndoa, akakaa na mumewe Ruashi katika nyumba ambayo walikuwa bado wanaijenga. Mama yake alibaki Goma. Nilimheshimu na nilimwita Yaya, kama dada mkubwa.

"Na kama ni mama mukubwa?" aliuliza.

"Hata mama mukubwa, Yaya."

Kicheko kililipuka chumba kizima. Hata tajiri alicheka.

"Mi nimuulize mama mukubwa kama ni ye? Muntu mwenye alinibeba mu mugongo? Ataniona mutoto wa namna gani?"

Wote walitikisa kichwa kukubaliana naye, na mimi nikaona sheria yangu ikifa kabla haijatembea. Mkubwa ndiye anayekuuliza wewe ni wa nani. Mdogo hamuulizi mkubwa. Neno la mkubwa mdogo hulipokea kwa mikono miwili, na hata likija kwenye kioo cha simu hulipokea hivyo hivyo. Niliwaambia kwamba wezi nao wana wakubwa wao, kwa hiyo wanaijua adabu hiyo vizuri kabisa.

"Papa wa ma machine, we uko na roho nguvu," katibu alisema, akimaanisha roho ngumu, akanipigapiga begani. Nikarudi kwenye printa yangu.

Halafu Goma ikaanguka.

Sitaki kueleza vita ambayo sikuiona. Nilichokiona ni ofisi yetu. Sala ya asubuhi ilirefuka mpaka wateja wakaanza kusubiri uani. Kila mtu alikuwa na mtu kule. Uwanja wa ndege ulifungwa, umeme ulikatika kule, simu zikaita mara moja kisha zikakaa kimya. Depo ya tajiri ya Goma iliporwa ikabaki kuta, na yeye, mtu aliyekuwa akizungumza kwa sauti ya kusikika barabarani, akaanza kuzungumza kama mgonjwa. Baadaye Bukavu nayo ikaenda. Malori yalisimama uani na madereva wakakaa chini yake wakisikiliza redio.

Mama yake katibu alipiga simu mara ya mwisho siku ile risasi zilipoingia mtaani kwao. Katibu alitusimulia akiwa amesimama, bado ameishika simu yake mwenyewe kifuani. Mama alisema chaji inaisha na watu wanavuka mpaka, naye anaondoka nao. Akasema simu hii wakimnyang'anya, namba za watoto wote zitaondoka nayo. Lakini kuna namba moja iko kichwani, ile ya chini ya kalenda, maana ameitazama ukutani miaka yote. Atamtafuta mtoto wake kwenye namba hiyo.

Tangu siku ile simu ya nyumba haikulala tena juu ya meza. Katibu alitembea nayo, alikula nayo, alienda nayo msalani, na hakuna aliyenung'unika. Jioni alienda nayo Ruashi, na asubuhi alikuwa wa kwanza kufika.

Siku balaa lilipotokea nilikuwa depo ya Ruashi, nimepiga magoti nyuma ya kompyuta iliyojaa vumbi. Mhasibu alinipigia. Alianza kwa kuniuliza habari za nyumbani, nikajua kwamba mambo yameharibika.

Ujumbe ulikuwa umekuja kutoka kwa mama mkubwa, dada yake mkubwa mama yake katibu, aliyekaa Butembo. Sawasawa kabisa kama nilivyosema siku ya kicheko. Akaunti ya yule bibi ilikuwa imekwisha kuibiwa, ila katibu angejuaje? Picha ilikuwa yake, na kitambaa chake cha kichwani cha kanisani. Aliandikiwa kwamba kuna kikundi kimefunguliwa cha watu wanaotafuta ndugu zao wa Goma, kwamba anaingizwa humo, kwamba namba zitafika kwenye simu yake na azirudishe upesi, na kwamba mama yake ametajwa. Nadhani aliposoma kwamba mama ametajwa hakusoma mengine. Alizituma namba. Simu ikamtoa nje, na aliyeingia mahali pake hatukumjua.

Nilirudi Kampemba kwa pikipiki. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilipoingia nikamkuta amekaa sakafuni nyuma ya meza, viatu amevua, kama watu wanavyokaa msibani. Hotuba nikaimeza, nikachukua simu.

Niliomba namba mpya, zikaja, nikaziandika. Programu ikaniambia kwamba sasa kuna namba ya pili ya siri. Ile ile ya pili ambayo miaka yote nilimlilia tajiri tuiweke! Mwizi aliiweka kabla hajafanya jambo jingine lolote. Yeye sheria yangu aliielewa. Nilipogusa mahali pa kusema kwamba siikumbuki, nikaambiwa nisubiri wiki nzima.

Niliwaeleza wote hali yetu. Mtu akitupigia kwa njia ya kawaida, simu italia hapa kwetu. Lakini akituandikia, anamwandikia mwizi, na mwizi atajibu kwa jina letu.

Katibu aliinua uso.

"Kama mama anaandika," alisema, "nani atamujibu?"

Tulijua wote kwamba mwanamke mzee aliyevuka mpaka bila chochote hawezi kulipia simu ya kutoka nchi nyingine. Ataazima simu ya mtu, na mtu atamwambia aandike au aseme kwenye ujumbe, maana hapo hakuna gharama. Na yule mwizi atamwambia nini? Atamwelekeza wapi?

Sijawahi kuchukia wiki kama ile. Nilienda kwa kampuni ya simu, nikapanga foleni juani, na binti wa dirishani akaipiga namba yetu mbele yangu, ikalia mfukoni mwangu, akaniambia haina shida, mambo ya ujumbe si yao. Niliandika kwa wenye programu, nikajibiwa na mashine kwamba ombi langu ni muhimu kwao. Mwizi naye hakupumzika. Aliwaandikia wateja na makanisa kwa jina la katibu, akiomba msaada kwa ajili ya depo iliyoporwa, na huo uporaji ulikuwa wa kweli, ndiyo maana aliaminika. Niliwapigia mmoja mmoja kuwaonya. Wengine walikuwa wamekwisha kuumia, wakanifokea mimi. Mchungaji mmoja aliniuliza atajuaje kwamba mimi si mwizi, na hapo nusura nicheke, maana miaka yote nilitamani mtu aniulize swali hilo.

Tajiri alinisimamisha uani mbele ya madereva.

"Na weye, ni kazi gani unafanya hapa? Nalipa muntu wa machine, na ba voleur, bezi, banaingia tu!"

"Patron, nilisema. Nilisema mbele ya bantu bote."

"Ulisema, ulisema. Kusema iko kazi?"

Niliondoka nikapiga teke gurudumu la lori, nikaumiza kidole. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na mwizi, lakini zaidi ya yote nilikuwa na hasira na katibu, na hasira ya kumkasirikia mtu anayelia haina pa kwenda. Siku moja ilinitoka. Nilikuwa nabadilisha neno la siri la kompyuta yake, akanikumbusha niweke lililo rahisi, na nikamwambia kwamba kama angemuuliza yule mama mkubwa swali moja tu, swali moja, leo tusingekuwa hapa.

"We ungeuliza mama yako mukubwa?" aliniuliza taratibu.

Niliweka neno gumu kuliko yote niliyowahi kuweka, naye akaliandika kwenye kiganja.

Wiki iliisha asubuhi, mara baada ya sala. Walikusanyika wote kuizunguka meza, tajiri akiwa katikati. Niliomba namba, nikaziandika, na safari hii mlango ukafunguka. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu nilijua watakachokiona: hakuna kitu. Barua zote za wiki ile zilikuwa zimekwenda kwa mwizi na zilibaki kwake. Katibu alipitisha kidole juu ya kioo, juu na chini, akanitazama.

"Mama hakuandika?"

Kabla sijamweleza, simu ililia. Ujumbe mmoja ulikuwa umeingia, wa sauti, kutoka namba ya ng'ambo ya mpaka ambayo hakuna aliyeijua. Katibu aliugusa, na kwa kuwa simu ile ilikuwa siku zote juu kabisa, chumba kizima kilisikia.

"Weye mwizi, ni miye tena," ilisema sauti ya bibi mzee. "Jana nilikuambia, na leo nakuambia. Hauko mutoto wangu. Mutoto wangu hawezi kuniandikia bila kunisalimia kwanza. Uko na mama, weye? Anajua kazi unafanya? Rudisha simu ya mutoto wangu. Kesho nitakuambia tena."

Katibu alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. Mhasibu alianza kuimba pambio na mwenzake akamziba mdomo. Mimi machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Yule mama alikuwa na namba moja tu duniani. Alipogundua kwamba ndani yake amekaa mwizi, hakuiacha. Kila alipopata simu ya kuazima alirudi kumkaripia, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyotekwa.

Katibu akapiga. Iliita kidogo tu, ikapokelewa.

"Mama, ni miye! Shikamoo mama, ni miye, tulirudisha simu!"

"Aa-a," mama alisema. "Na ule wa juzi aliandika vile vile."

"Mama, sikia sauti yangu!"

"Sauti inakatika-katika. Naye alisema mutandao ni mubaya." Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyechoka kudanganywa. "Mi nitakuuliza kitu. Kama uko mutoto wangu, uniambie. Noeli yenye ilipita, nilikuomba nini? Na ulinijibu je?"

Nilijikuta natabasamu. Nilitaka kumgeukia kila mmoja na kumwambia: mnasikia? Mnasikia sasa jinsi inavyofanywa? Halafu nikamwona katibu usoni, na tabasamu likanikauka.

Alikuwa anatutazama sisi. Alimtazama tajiri, akamtazama mhasibu, akanitazama mimi.

"Mama, bantu beko hapa," alisema chini chini.

"Bakuwe. Jibu."

Simu ilikuwa kwenye kipaza sauti. Ningeweza kunyoosha mkono nikakizima, lakini mkono haukuja.

"Uliniomba..." alisema katibu, akasimama, akaanza upya. "Uliniomba nikupokee. Ukuye kukaa kwetu ku Lubumbashi. Ulisema masasi ya vita inakaribia, unaogopa."

"Na ulinijibu je?"

"Nilisema nyumba haiyaisha. Nilisema nafasi hakuna, ungoye kwanza."

Upande wa pili zilisikika kelele za watu wengi na mtoto aliyekuwa akikohoa. Mimi nilikuwa nimewafundisha watu kuchagua jambo ambalo wawili tu wanalijua. Sikuwa nimefikiri hata siku moja ni mambo ya aina gani ambayo wawili tu huyajua.

"Ni weye," mama alisema hatimaye. Alipumua, tukamsikia akipumua. "Na leo unasema je?"

Tajiri aligeuka akatusukuma sote kwa mikono miwili kama anayefukuza kuku. Tulitoka uani, mimi wa mwisho. Kisha yeye mwenyewe aliinama, akaliondoa tofali, akauvuta mlango ukafunga.

Tulisimama kando ya lori, chini ya namba ile iliyopakwa rangi, tukijifanya tunazungumza. Mlango ulikuwa wa mbao nyepesi, na tulisikia hata hivyo.

"Kuya, mama, kuya kukaa kwetu," alikuwa akisema. "Kuya tu."